Mama yumo kwenye barua, kwenye shairi hayumo

Shikamoo Bibi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Muheza, umri miaka 41, nina mume na watoto watatu. Marehemu mama alikuwa fundi cherehani. Nusu ya shule niliyosoma ilivaa sare alizoshona yeye, na nyingi alizitoa kwa mkopo. Mkasi alikuwa nao, lakini uzi aliukata kwa meno, mpaka jino la mbele likaingia kijipengo cha upana wa uzi. Alipofariki mwaka juzi tulikuta daftari lake la madeni, limejaa nusu tu. Watu walikuja msibani na pesa mkononi wakitaka kulipa, baba akazikataa, akasema aliyekufa hadai. Mimi nikalichukua lile daftari nikaanza kuandika mashairi kwenye kurasa zilizobaki. Zilipokwisha nikanunua daftari jingine, na jingine. Sasa nina mashairi 118.

Nayaandika kwenye simu, nayatuma kwenye kundi letu la walimu. Wananisifu sana, mwenzangu mmoja alilia kabisa. Wamenishauri nitoe diwani. Nikampata bwana mmoja mjini anayejiita mchapishaji. Kanipa hesabu: nakala 500, shilingi 3,200,000, humo ndani uhariri 400,000, na namba ya ISBN atanitafutia yeye. Anataka nusu mbele. Kwenye mchezo wetu wa akina mama zamu yangu imefika na nimepokea 2,600,000. Mume wangu hakatai, ila anasema bati za chumba cha watoto zinavuja tangu masika na yeye hajawahi kuona shairi likizuia mvua.

Shida yangu hasa ni uhariri. Bwana yule nilimwomba anioneshe kazi aliyowahi kuhariri, akasema nisiwe na wasiwasi. Kwa hiyo nikaamua nihariri mwenyewe. Hii ni mara ya tisa napitia mswada. Kila nikirudi nabadilisha, kesho yake narudisha nilivyokuwa nimeandika jana. Isitoshe, kijana mmoja aliyesoma chuo kaniambia vina na mizani vimepitwa na wakati, niyavunje mashairi yote yawe huru ndipo vijana watasoma. Nimejaribu kuvunja matano, sijui hata yamekuwa nini.

Naambatisha mashairi matano. Huu ni ubeti wa kwanza wa lile wanalolipenda kuliko yote:

Cherehani yake mama, ilikaa barazani,
Mguu ukisukuma, ikiimba asubuhini,
Kwa bidii na huruma, na upendo wa moyoni,
Nani sasa atashona, mama yuko kaburini.

Bibi, je, mtu anaweza kuhariri mashairi yake mwenyewe? Na nimpe yule bwana pesa?

Mwalimu wa Muheza

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kufiwa. Mwaka juzi si zamani kwa msiba wa mama.

Pesa usimpe. Zikae kwanza, tutazirudia.

Barua yako niliisoma kabla ya mashairi, na nilipofika kwenye lile jino lenye kijipengo cha uzi nilisimama, nikavua miwani. Kisha nikafungua mashairi nikilitafuta lile jino. Halimo. Daftari la madeni halimo, isipokuwa majina ya wadaiwa kwenye shairi la tatu, nayo nitayarudia. Baba aliyekataa pesa za wadeni msibani, naye hayumo. Yote matano yanasema huruma, upendo, bidii, machozi, na neno "mtima" nimelihesabu mara tisa. Mama yako alisema mtima lini? Alisema moyo, kama watu wote wa Muheza. Mtima umeingia kwa sababu ulitaka kina cha "ma".

Unaniuliza kama mtu anaweza kuhariri mashairi yake mwenyewe. Anaweza, kwa sehemu kubwa, ila si kwa njia unayotumia. Ukipitia mara tisa kwa macho yako mwenyewe, mara zote tisa unasoma ulichokusudia. Kilichoandikwa hukioni tena. Mimi nilitoa kitabu changu cha kwanza kwa pesa yangu, nakala 500. Nilikipitia mpaka nikakikariri. Maboksi yalipofika nyumbani, mtoto wa jirani wa darasa la tano akachukua kimoja, akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma kwa sauti "kililo cha yatima". Nikamwambia soma vizuri, ni kilio. Akanigeuzia kitabu nione. Kililo. Nakala zote 500. Yule mtoto hakunizidi Kiswahili. Alikuwa tu hajui nilitaka kusema nini, basi akasoma kilichopo.

Wewe una bahati ya kuwa na darasa zima la watoto wa namna hiyo. Chukua shairi ambalo mwanafunzi hajawahi kuliona, mpe nakala asome kwa sauti amesimama. Nawe shika nakala yako na penseli, kaa kimya. Usimsahihishe. Usimtazame kwa jicho la mwalimu. Kila ulimi wake unapokwama, weka alama pembeni, basi. (La mapenzi usimpe mtoto, mpe mwalimu mwenzako, tena yule asiyekusifu kundini.) Baadaye ndipo uangalie kila alama, ujue kakwama kwa nini: mizani imezidi, neno si la watu, au maana haipo.

Tuufanye ubeti wako. Mshororo wa kwanza hauna neno: che-re-ha-ni-ya-ke-ma-ma, nane, i-li-ka-a-ba-ra-za-ni, nane. Naona kitu, najua kiko wapi. Ukwapi wa pili, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, nao mzuri, na nimefurahi umejua kwamba "mguu" ni mizani tatu, m-gu-u. Wengi huhesabu mbili, ubeti ukawa kiguru mpaka mwisho. Lakini utao wake, ile nusu ya pili: i-ki-i-mba-a-su-bu-hi-ni. Tisa. Hapo mtoto atajikwaa. Na hata zingekuwa nane, "asubuhini" ni neno la nani? Asubuhi ni asubuhi. Umeibandika "ni" ili upate kina, na ukishaanza mchezo huo utakuta "usikuni" na "keshoni", na mimi nimezikuta zote mbili katika shairi lako la nne.

Mshororo wa tatu ndio unaoniuma. Mizani iko sawa, vina viko sawa, mtoto atausoma bila kukwama. Lakini "kwa bidii na huruma, na upendo wa moyoni" unaweza kuupachika kwenye shairi la muuguzi, la padri, la mgombea udiwani. Ni mshororo wa kujazia. Makosa ya mizani yanasikika; haya hayasikiki, na ndiyo yanayoijaza diwani kurasa. Kuyakamata nina swali moja tu: katika mshororo huu kuna nini ambacho jirani yangu asingeweza kuandika? Kama hakuna, futa, urudi kwenye barua uliyoniandikia.

Mimi nimerudi. Nimechukua jino, nimechukua mkopo, nikapata hivi:

Cherehani yake mama, ilikaa barazani,
Mguu ukisukuma, huimba hadi jioni,
Uzi kwa meno huuma, hushona sare za deni,
Nani sasa atashona, mama yuko kaburini.

Ukiacha hiyo "hadi jioni", sikuongeza chochote cha kwangu. Kituo, yaani mshororo wa mwisho, nimekiacha kama kilivyo, maana hicho umekiandika wewe, si vina. Usiuchukue ubeti wangu ukaubandika. Wewe ulimwona akiuma huo uzi, utapata bora. Jaribu ubeti wa pili uwe baba na pesa za wadeni. "Aliyekufa hadai" ni a-li-ye-ku-fa-ha-da-i, mizani nane kamili, baba yako kakutungia kibwagizo pasipo kujua.

Lakini lile shairi la tatu, ulilowataja wadaiwa kwa majina na kiasi, hapana. Toa majina. Wale walikuja na pesa mkononi.

Kuhusu kubadilisha leo na kurudisha kesho: weka tarehe. Kila shairi liandike upya kwa mkono kwenye karatasi safi, siyo kwenye simu, na juu yake tarehe. Ukibadilisha, karatasi mpya, ya zamani usichane. Utakuja kuona mabadiliko mengi unayozungukazunguka nayo ni ya neno moja, "ila" au "lakini", na hayo hayastahili usiku wako. Palipo na kosa la kweli utapaona haraka, maana mkono wenyewe unachoka kuandika mshororo usiosema kitu.

Na simu hiyo iangalie sana. Katika mashairi matano umeandika "i wapi" mara nne, na mara zote nne simu imekugeuzia "I wapi", kwa kuwa inadhani unaandika Kiingereza. Furaha I wapi! Zima usahihishaji wa simu kabla hujaandika tena hata herufi moja, halafu mswada mzima utafute hizo "I" kubwa zilizokaa peke yake. Tahajia ukiwa na shaka fungua Kamusi Kuu ya BAKITA. Shuleni kwenu kama haipo, ofisi ya elimu kata waulize.

Kijana wa chuo. Ugomvi wake ni wa zamani kuliko yeye. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, watu waligombana kwelikweli, wengine wakasema hayo si mashairi hata kidogo. Leo ya arudhi, yenye vina na mizani, yanasomwa na huru yanasomwa. Ila shairi huru halipatikani kwa kuchukua tarbia, shairi la beti za mishororo minne, na kuikatakata mishororo. Linatungwa hivyo tangu mwanzo, pumzi yake ni nyingine. Yale matano uliyovunja yaunge.

Sasa idadi. Mashairi 118 ni mengi mno kwa kitabu cha kwanza. Usikasirike. Mashairi ya mshairi Muyaka wa Mombasa yalikaa kama miaka mia tangu afariki hadi diwani yake ilipochapwa 1940, na muda mrefu yalikuwa midomoni mwa watu, mpaka Mwalimu Sikujua alipoyakusanya kwa wanaoyakumbuka. Midomo ya watu ilimchujia. Wewe huna miaka mia, jichujie mwenyewe. Panga yote sakafuni siku watoto wako shule. Anza na yanayomhusu mama, madeni, cherehani, msiba. Naamini ndiyo kitabu. Yale ya Siku ya Mwanamke na ya kumuaga mwalimu mkuu yaache kundini, huko ndiko kwao. Ukibaki na 40 umefanya kazi nzuri.

Idadi hiyo sijaiokota hewani. Kitabu cha A5, nusu ya karatasi ya A4, kwa herufi za ukubwa wa 12, ukurasa mmoja unabeba beti sita hivi bila kubanana. Mashairi 40 ya kiasi hicho ni kurasa 40 na kidogo, ongeza jina la kitabu, ukurasa wa hakimiliki, yaliyomo, dibaji, na yale machache yanayovuka ukurasa wa pili, unafika 64. Mitambo mikubwa huchapa karatasi moja kubwa inayokunjwa ikawa kurasa 16, kwa hiyo 64 ni mikunjo minne kamili, hulipii kurasa tupu. Na mhariri anayetoza kwa ukurasa atakutoza 64 badala ya mia na themanini. Hapo sasa unaweza kumlipa mtu wa kweli akusomee mara moja, mwisho kabisa, baada ya watoto na baada ya penseli yako. Yeyote atakayekuja, mpe kwanza ukurasa mmoja ahariri uone. Anayekwambia usiwe na wasiwasi ndiye wa kumwogopa.

Tumefika kwa bwana wako. Kiswahili chetu kina maneno mawili hapa, na yeye ameyachanganya. Mchapaji ni mwenye mashine: unampa kazi, anachapa, unamlipa. Mchapishaji anatoa pesa yake, anahariri, anauza, na kitabu kikilala dukani hasara ni yake. Huyu hatoi hata senti. Pesa zako, hasara yako, maboksi chini ya kitanda chako. Basi ni mchapaji, umlipe ya uchapaji. Mchapishaji katika habari hii ni wewe.

Kwa hiyo ISBN usimwachie. Hapa kwetu hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na mwandishi anayejichapishia anaweza kuomba mwenyewe. Akiomba yeye kwa jina lake, kitabu kitasomeka duniani kwamba mchapishaji ni yeye. Tena ISBN si hakimiliki, wengi wanachanganya. Ni namba ya kutambulisha kitabu. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika kwenye daftari la mama. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, unasajili ili uwe na ushahidi siku mtu akikuimbia shairi lako kwenye kanda.

Nakala 500 amezitaja kwa sababu mtambo mkubwa unatengenezewa kwanza sahani, yaani bamba lenye sura ya kurasa zako, gharama hiyo ni ileile ukichapa 50 au 5,000, kwa hiyo kadiri nakala zinavyozidi ndivyo bei ya moja inavyoshuka. Inavutia, mimi pia ilinivutia, na nakala zangu karibu 200 bado ninazo, mchwa wamenisaidia kidogo. Uchapaji wa kidijitali hauna sahani. Nakala moja inakuwa ghali zaidi, lakini unaweza kuchapa 100, ukauza, ukaona "kililo" yako, ukairekebisha, ukachapa 100 nyingine. Tafuta bei kwa wachapaji watatu, uwaambie yaleyale: A5, kurasa 64, karatasi ya ndani yenye uzito wa gramu 80, jalada gramu 250 au 300, gundi mgongoni. Usipotaja gramu, kila mmoja atakupa bei ya karatasi anayoijua yeye.

Kabla ya kuchapa hata moja, dai nakala ya sampuli, ya karatasi, siyo picha ya simu. Ushairi una maradhi yake kwenye kupanga kurasa. Mshororo wa mizani 16 ni mrefu. Mpangaji akikuza herufi au akiacha nafasi kubwa kati ya ukwapi na utao, neno la mwisho linaanguka chini peke yake, tarbia inakuwa na mishororo mitano, na kina chako kinaning'inia kama nguo iliyoanuliwa upande mmoja. Au ubeti unakatwa katikati, miwili huku, miwili ukurasa wa nyuma. Yeye haoni kosa, kwake ni maneno tu. Nenda steshenari hapo Muheza, chapisha kurasa mbili, kata A4 katikati, utakuwa na A5 mkononi. Utayaona yote kwa shilingi mia chache.

Jambo moja kabla hujachapa. Kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, nayo ina upande wa ushairi. Soma masharti yao, hasa kuhusu kazi iliyokwisha kuchapishwa, usije ukajifungia mlango kwa haraka ya miezi miwili. Mswada wako ukishachujwa, upeleke.

Mume wako mwambie ana hoja. Nakala 100 hazitafikia hata nusu ya zile 2,600,000, zinazobaki nunueni bati. Zipigwe kabla vitabu havijafika, maana vitalala humohumo ndani.